Mkuu wa shule mpya anauliza: nitasimamiaje ufundishaji wakati siku nzima nipo kwenye mafaili?

Swali lilikuja refu, nimelikata kidogo: "Habari mtaalamu. Nimeteuliwa kuwa mkuu wa shule ya sekondari ya serikali, kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa historia. Kila semina tunaambiwa mkuu wa shule awe kiongozi wa ufundishaji, asiwe meneja wa majengo tu. Sawa, nimekubali. Lakini siku yangu inaanza na wazazi mlangoni, inaendelea na simu za wakubwa na ripoti zinazotakiwa leo leo, inaisha na mambo ya maji na madawati. Madarasa napita dirishani tu. Halafu fizikia na hesabu sizijui, nitamwambia nini mwalimu wa fizikia aliyenizidi umri na uzoefu? Na siwezi kumwajiri mtu wala kumwondoa, mishahara haitoki kwangu. Nianzie wapi?"

Asante kwa swali Mkuu, na hongera kwa uteuzi, au pole, inategemea unaisoma hii siku gani ya wiki. Jibu fupi ni kwamba uanze na ratiba na vikao kabla hujaanza na darasa, na fizikia uiache ilipo maana huhitaji kuijua ili umsaidie anayeifundisha. Jibu refu ndo linafuata.

Kwanza nikupe kidogo hii dhana ilikotoka, kwa sababu itakusaidia kujua kipi cha kubeba na kipi cha kuacha. Mwaka 1966 Marekani ilitoka ripoti ya James Coleman, na wengi wakaisoma kama inasema shule haibadilishi kitu kikubwa, mtoto anafaulu au anafeli kulingana na nyumba aliyotoka. Ron Edmonds hakuridhika na hilo, akaanza kutafuta shule za maskini mijini ambazo watoto wanafanya vizuri kinyume na matarajio, na mwaka 1979 akaandika kwamba moja ya vitu ambavyo shule za namna hiyo zinavyo ni mkuu wa shule mwenye msimamo na anayefuatilia ufundishaji. Mwaka 1985 Philip Hallinger na Joseph Murphy wakaipanga hiyo habari vizuri, wakasema mkuu wa shule ana mambo matatu: kuweka malengo ya shule yaeleweke, kusimamia ufundishaji, na kujenga hali ya watu kutaka kujifunza, na ndani ya hayo matatu wakaweka kazi 10. Fomu nyingi za kutathmini wakuu wa shule leo ukizichunguza utakuta harufu ya zile kazi 10. Ukizisoma zote kwa mkupuo unaweza ukaandika barua ya kuomba urudishwe kwenye historia yako.

Ila kuna kitu semina zinakiruka. Tafiti nyingi za mwanzo zilifanyika shule za msingi, ambako mkuu anaweza kweli kuingia darasa lolote na akaelewa kinachofundishwa mwanzo mpaka mwisho. Sekondari haiko hivyo, una masomo kumi na zaidi, una idara, una watu waliosomea somo moja kwa miaka mitatu au minne, na hakuna binadamu anayeweza kukaa nyuma ya darasa la kemia saa tatu na la fasihi saa tano na akawa na la maana la kusema kuhusu maudhui ya yote mawili. Kwahiyo ile picha ya mkuu wa shule shujaa anayejua kila kitu na kuingia kila mahali ifute kabisa, kwa sekondari haikuwahi kufanya kazi na wanaojaribu kuiishi wanaishia kuchoka na kukagua maandalio ya somo tu.

Sasa kipi kinafanya kazi. Viviane Robinson na wenzake wa New Zealand mwaka 2008 walichapisha uchambuzi wa tafiti 27 wakalinganisha aina za uongozi na matokeo ya wanafunzi, wakakuta uongozi unaogusa ufundishaji una athari mara tatu mpaka nne ya ule wa kuhamasisha na kutoa dira nzuri. Baadaye wakauvunja uongozi wenyewe vipande vipande waone kipi kina nguvu zaidi. Kwenye kipimo chao cha ukubwa wa athari (namba ikiwa kubwa, athari ni kubwa), kuweka malengo kulipata 0.42, kupanga na kutathmini ufundishaji nako 0.42, kutafuta rasilimali na kuzielekeza panapotakiwa 0.31, nidhamu na utulivu wa shule 0.27. Iliyoacha nyingine zote mbali ilikuwa 0.84, nayo ni mkuu wa shule kusimamia mafunzo ya walimu wake NA KUSHIRIKI mwenyewe. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Ninaongelea yule mkuu ambaye walimu wa hesabu wakikaa kujadili kwanini watoto wanashindwa hesabu za sehemu, zile za nusu na robo, yeye amekaa nao na daftari lake, anauliza maswali ya kijinga, anajifunza. Kufungua semina kwa hotuba ya dakika kumi na kurudi ofisini hakuhesabiki. Tafiti zilizounda hiyo namba hazikuwa nyingi na zinaonyesha uhusiano tu, hazithibitishi kwamba hiki kimesababisha kile, kwahiyo usiende kuipigia debe kwenye kikao kama vile ni sheria ya Newton. Lakini mwelekeo wake unaendana na kinachoonekana mashuleni.

Na ona hapo faida yako wewe mwalimu wa historia: kushiriki kujifunza hakukutaki uwe mtaalamu, kunataka ukubali kwamba hujui.

Niende kwenye ile ya kupita dirishani, maana hapa ndo wakuu wengi wapya wanapoteza nguvu. Jason Grissom, Susanna Loeb na Benjamin Master waliwafuatilia wakuu wa shule kama 100 hivi kule Miami-Dade, Florida, watu wakatembea nao siku nzima wakiandika kila wanachofanya, kwa miaka mitatu, utafiti ukatoka 2013. Kwanza waligundua muda unaokwenda kwenye mambo ya ufundishaji ni asilimia 12 na kitu tu, kwahiyo usijione uko peke yako na mafaili yako. La pili ndo lilishtua watu: ile tabia ya kuchungulia madarasa haraka haraka, ambayo ilikuwa inakula sehemu kubwa kuliko kazi nyingine zote za ufundishaji, haikuendana na matokeo mazuri, iliendana na matokeo MABAYA, na hasa kwenye sekondari za juu. Kilichoendana na matokeo mazuri ni kukaa na mwalimu na kumwelekeza, kumtathmini kwa maana, na kufanyia kazi programu nzima ya masomo. Na kule kukaa na mwalimu kulikuwa kunapata nusu asilimia ya muda wa mkuu. Nusu asilimia!

Mbona kuchungulia kudhuru? Walichoona ni kwamba pale ambapo walimu hawakuuchukulia huo mzunguko kama nafasi ya kujifunza, ndo hali ilikuwa mbaya zaidi. Na inaeleweka, mkuu anapita, anaangalia kama mwalimu yupo na kama ubao umeandikwa tarehe, anaondoka, mwalimu habaki na kitu chochote isipokuwa hisia ya kuchungwa, na mkuu anarudi ofisini akiwa na amani ya uongo kwamba leo nimesimamia ufundishaji. Dakika 40 zimepita na hakuna mtu aliyejifunza kitu. Kuhakikisha walimu wapo darasani ni kazi halali, lakini hiyo ni mahudhurio, mpe makamu au mwalimu wa zamu, usiihesabu kama uongozi wa ufundishaji.

Tuje kwenye hofu yako ya kutokuwa na mamlaka. Huajiri, hufukuzi, hulipi, kweli kabisa, na hiyo ndo hali ya shule za serikali sehemu nyingi duniani, watu wanapangwa na ofisi za juu na wanahamishwa na ofisi hizo hizo. Lakini hebu hesabu vitu vilivyobaki mkononi mwako. Nani anafundisha kidato gani. Vipindi vinakaa saa ngapi. Nani ana nafasi wazi pamoja na nani. Kikao cha walimu kinaongelea nini. Kipindi kinakatishwa kwa sababu gani na kwa ruhusa ya nani. Hivyo vitu vitano vinagusa ufundishaji kuliko mshahara, na kwa kawaida mkuu mpya anavirithi kama vilivyo, havigusi mpaka anahamishwa.

Chukua ratiba. Kama walimu wa hesabu watatu hawana hata kipindi kimoja kwa wiki ambacho wote wako huru, basi idara ya hesabu haipo, kuna watu watatu wanaofundisha somo moja kwenye kiwanja kimoja. Mwambie anayepanga ratiba aanze kwa kuweka hicho kipindi cha pamoja kwa kila idara halafu ndo apange mengine yote kuzunguka hapo, atalalamika, atasema haiwezekani, kaa naye chini mtaona inawezekana kwa idara tatu au nne za kuanzia. Kipindi hicho msikiite kikao maana kitageuka kikao kweli, na ajenda, na mengineyo. Kiwe cha kazi moja, kuangalia madaftari au karatasi za wanafunzi na kuamua wiki ijayo wanafundisha vipi. Wajapani wana utaratibu wao wa miaka mingi wa namna hii, walimu wanaandaa somo moja kwa pamoja, mmoja analifundisha wengine wakiwa wamekaa pembeni wanaangalia wanafunzi wanavyofikiri, wakitoka wanalijadili somo, na kwa kuwa waliliandaa wote hakuna anayejisikia kusemwa peke yake.

Halafu mgao wa walimu. Kila shule ina mazoea ya kuwaweka walimu hodari kwenye kidato cha mtihani wa taifa na wale wapya au wavivu kwenye kidato cha kwanza. Mantiki yake naielewa, matokeo ndo yanapima shule, lakini unachofanya ni kuzalisha tatizo chini kwa miaka mitatu halafu unampa mtu hodari mwaka mmoja alitatue. Hamisha angalau mwalimu mmoja mzuri wa hesabu na mmoja wa lugha kwenye kidato cha kwanza. Matokeo ya mwaka huu hayataonyesha kitu na itabidi uwe na moyo mgumu kidogo wakikuuliza.

Na vipindi vinavyoliwa. Hii haihitaji utafiti, inahitaji kalamu. Kama kila kipindi kinachelewa kuanza dakika 5 tu, na mna vipindi 8 kwa siku vya dakika 40, mmepoteza kipindi kizima kila siku, vitano kwa wiki. Weka wiki 38 za masomo, ni vipindi 190 kwa mwaka kwa kila mkondo, na bado hujaongeza ile asubuhi walimu wameitwa kikao cha dharura, siku ya mgeni, wanafunzi kutolewa kupanga viti. Wakuu wanahangaika kutafuta muda wa masomo ya ziada jioni na Jumamosi wakati muda umelala hapo hapo katikati ya siku. Weka sheria moja tu, kipindi hakikatishwi bila wewe mwenyewe kusema ndiyo, na wewe uwe mgumu kusema ndiyo, hata simu ikitoka juu muulize kwa heshima kama inaweza kusubiri mapumziko, utashangaa mara nyingi inaweza.

Vikao sasa. Matangazo yote peleka kwenye grupu la WhatsApp la walimu au ubaoni stafurumu. Kikao cha walimu wote cha saa mbili ambacho mkuu anaongea saa moja na nusu ndo mahali ufundishaji unapokwenda kufa, mimi siwezi kulisema hili kwa upole. Kikao kifupi, nusu yake walimu wana karatasi za wanafunzi mikononi. Mfano chukua mtihani wa ndani wa somo moja, badala ya kusoma wastani na nani kaongoza, angalia swali kwa swali. Wastani wa 38 hauambii mtu afanye nini kesho. Lakini ukijua swali la 7 lililohusu sehemu wamekosa karibu wote kwenye mkondo A na wamepata wengi mkondo B, basi una mazungumzo: yule wa B alifundishaje? Mwambie aonyeshe. Usimuulize wa A kwanini wamefeli mbele ya watu, muulize wa B aliifundishaje, na wa A anasikia bila kupakwa matope. Hiyo ni siasa ndogo ya ofisi ila bila hiyo huwezi.

Haya, twende darasani kwa mwalimu wa fizikia, maana najua ndiko moyo wako ulipo. Lee Shulman alieleza mwaka 1986 kwamba mwalimu mzuri ana ujuzi wa aina yake, mbali na kujua somo na mbali na kujua kufundisha kwa jumla, yaani anajua somo HILI mtoto anakwama wapi na mfano gani unamkwamua. Huo ujuzi wa fizikia huna na hutaupata kwa kusoma kitabu usiku. Kwahiyo hilo eneo ni la mkuu wa idara au mwalimu mwenzake, wewe kazi yako ni kuhakikisha huyo mtu anapata kipindi cha kwenda kuona na kuongea. Lakini kuna mengi unayoweza kuyaona kwa macho ya mwalimu yeyote, na mengine wewe usiyejua somo unayaona vizuri zaidi kwa sababu uko kwenye viatu vya mwanafunzi.

Kaa kipindi kizima, kaa karibu na wanafunzi, usikae nyuma kabisa kama askari. Usiangalie sana mwalimu, angalia wanafunzi wanafanya nini. Muulize mmoja kwa sauti ya chini, hapa mnajifunza nini na kwanini? Akijibu "tunaandika notisi" umeshapata kitu. Tazama daftari la mwanafunzi wa dawati la nyuma, linganisha na la mbele. Hesabu ni wanafunzi wangapi tofauti wameongea kuhusu somo, darasa la 50 unaweza kukuta ni wanne tu na wote wamekaa mbele. Angalia mwalimu akiuliza swali anasubiri muda gani. Mary Budd Rowe alipima hili miaka ya 1970 akakuta walimu kwa kawaida wanasubiri kama sekunde moja tu kabla hawajarukia mwingine au kujijibu wenyewe, na wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu yanakuwa marefu, wanaojitolea wanaongezeka, na wale wa "sijui" wanapungua. Sekunde tatu huhitaji digrii ya fizikia kuzihesabu. Na je kuna wakati wowote ndani ya kipindi ambapo mwalimu alijua, kwa ushahidi, nani ameelewa na nani hajaelewa? Lile "tumeelewa?" darasa zima likaitikia "ndiyooo", usilihesabu.

Baada ya hapo kaa naye siku hiyo hiyo au kesho yake, dakika 15, na sio ofisini kwako, mfuate yeye alipo. Usianze na sifa tatu halafu "lakini", walimu wanaijua hiyo mbinu wanasubiri tu "lakini" ifike. Anza na ulichokiona na swali. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mwalimu, nilikaa pale kwa wale vijana wa dirishani, walinakili ile kanuni vizuri, nilipowauliza ile herufi ya pili inasimamia nini wawili hawakujua. Wewe uliliona hilo?"

"Hapana, walikuwa wananiitikia wote."

"Mimi fizikia uliniacha tangu dakika ya kumi, kwahiyo nisaidie. Kwenye ile mada, kitu gani kimoja ambacho mtoto asipokielewa hapo hawezi kuendelea?"

Na yeye anakueleza, na akikueleza anaanza kuyasikia maneno yake mwenyewe. Halafu mnakubaliana kitu KIMOJA atakachojaribu, mfano kabla ya kuendelea na mada kila mwanafunzi aandike jibu la swali moja kwenye kipande cha karatasi, na mnakubaliana siku utakayorudi. Siku hiyo rudi, usipige chenga. Usiporudi, ile ziara ya kwanza itakumbukwa kama ukaguzi. Bruce Joyce na Beverly Showers walishaonyesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba semina peke yake, hata iwe nzuri na maonyesho ndani yake, mara nyingi haifiki darasani, kinachoifikisha ni mtu kurudi kumwona mwalimu akijaribu na kumsaidia tena na tena. Kwahiyo bora walimu 4 umewafuatilia mpaka kitu kimebadilika kuliko walimu 40 umewachungulia.

Na umri? Mwalimu aliyekuzidi miaka na uzoefu hapingi kuangaliwa kwa sababu ya kiburi tu kama watu wanavyosema, mara nyingi ameshaona wakuu watano wakija na mambo mapya na kuondoka nayo. Usimwendee wa kwanza. Aanze kukuangalia wewe. Una kipindi chochote unafundisha? Kama huna chukua hata viwili kwa wiki vya historia, usiseme huna muda, hivyo viwili ndo vinakupa haki ya kuongea mengine yote, na mwalike yule mwalimu mkongwe akae darasani kwako akuandikie anachokiona, kisha kaa umsikilize bila kujitetea. Mwamkie kama unavyomwamkia mkubwa wako, shikamoo haikupunguzii ukuu wa shule. Baada ya hapo muombe amshike mkono mwalimu mmoja kijana wa somo lake. Wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanachokijua kina thamani.

Kuna kundi lingine ambalo hayo yote hayalihusu, wale wasiokuja, wanaokuja wamelewa, wanaowasumbua wanafunzi. Usijaribu kuwatengeneza kwa mazungumzo ya dakika 15, hiyo ni nidhamu na ina njia zake za kisheria, andika, weka kumbukumbu, peleka panapohusika, na likihusu usalama wa mwanafunzi peleka siku hiyo hiyo. Ninachoomba usichanganye mafaili. Yale unayoandika ukimsaidia mwalimu kuboresha somo yasigeuke ushahidi wa kumshtaki, siku moja tu ikitokea hivyo habari itazunguka stafurumu kabla ya saa nne na hakuna mwalimu atakayekuonyesha udhaifu wake tena.

Vipi kuhusu muda, maana najua umesoma mpaka hapa unasema sawa ila lini? Hutapata muda, unauchukua. Chagua asubuhi mbili kwa wiki, vipindi viwili vya mwanzo, ziandike kwenye ubao wa matangazo na mlango wa ofisi: mkuu yuko darasani, wazazi watahudumiwa kuanzia saa fulani. Makamu anashika simu. Mambo ya maji, madawati, na stoo yawe na mtu mwenye jina, na ukishampa usimfuate fuate nyuma, hata akifanya tofauti na ulivyotaka. Mwalimu wa taaluma asiwe karani wa kukusanya maandalio na kuyagonga muhuri, mpe kazi ya kuchambua yale maswali ya mitihani swali kwa swali na kukaa na idara. Wakuu wengine wanashindwa hapa kwa sababu, niseme tu, mafaili ni matamu. Ripoti ukiimaliza imeisha, unaona matokeo. Kazi ya kumsaidia mwalimu wa fizikia haimaliziki leo.

Na yapo ambayo uongozi wa ufundishaji hautayatatua, usikubali kubebeshwa. Darasa la wanafunzi 90, somo lisilo na mwalimu kabisa, maabara isiyo na vifaa, hayo hayatibiwi kwa maswali mazuri baada ya kipindi. Richard Elmore wa Harvard alikuwa anasisitiza kwamba ukimdai mtu matokeo basi na wewe unadaiwa kumpa uwezo wa kuyatoa, na hiyo inakwenda juu na chini. Unavyowaambia walimu wako ndivyo unavyopaswa kuwaambia wakubwa wako, kwa takwimu na kwa adabu, vipindi vingapi havina mwalimu, wanafunzi wangapi, mmefanya nini wenyewe kwanza. Barua yenye namba za namna hiyo inasomwa tofauti na ile ya kulalamika.

La mwisho ni zile fomu za kukagua darasa zenye vipengele thelathini ambazo bila shaka umeshakabidhiwa na unatakiwa uzirudishe zimejazwa. Jaza, usigombane nazo, ni sehemu ya kazi. Ila usiingie nazo darasani. Ingia na daftari la kawaida, andika unachokiona, ongea na mwalimu, fomu utaijaza jioni kutoka kwenye daftari, na mwalimu aisome kabla haijaondoka ofisini kwako.